Leza ya kidevuni imeniachia mabaka na nywele mpya, ni kawaida kweli?

kidevu_changu: Habari zenu wapendwa, naomba msaada kwa aliyewahi kutoa nywele kwa leza. Mi nilifanya kidevuni na kwenye taya, mwanzo vilitoka vipele vidogo kila penye shimo la unywele vikaisha kesho yake nikasema poa. Sasa safari hii yametoka mabaka meusi ya mviringo yamejipanga mstari, yaani ukiangalia vizuri ni saizi ile ile ya kichwa cha mashine. Halafu kuna vinywele vinaota chini ya taya kuelekea shingoni, sehemu ambayo haikuwa na kitu kabisa!! Saluni wanasema nirudi tu waongeze nguvu. Mi ni mweusi tii kama inasaidia kujua.

bi_mpole: Pole mpenzi, usirudi kwanza. Vile vipele vya mwanzo havina neno, unaweka kitambaa cha maji baridi vinapita. Ila baka lenye umbo la mashine huko ni kuungua, na kuongeza nguvu juu yake ni kutafuta malengelenge na kovu. Mwanga wa leza unafuata rangi, ndo unavyolipata shina la unywele, sasa ngozi yetu nayo ina rangi ya kutosha kwa iyo, mashine ikiwa siyo yenyewe, joto lote linaishia juu. Waulize wanatumia ipi. Kwa weusi leza inayopendekezwa zaidi ni aina ya Nd:YAG, urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita 1064, inapenya chini zaidi. Alexandrite ya 755 inafaa weupe. Wakikwambia IPL hiyo hata leza siyo, ni taa tu ya mwanga mchanganyiko. Wakianza kujiumauma, kimbia.

shangazi_wa_mtandaoni: Hizo nywele mpya siyo uchawi, leza inaweza kuamsha vinyweleo vilivyolala pembeni, na inatokea zaidi usoni na shingoni hasa kwa wenye shida ya homoni. Siku zako zinakwenda sawa? Kama zinaruka kapime homoni maana utachomwa weee na ndevu zitarudi. Mabaka yanafifia ila ni suala la miezi, paka sanskrini (losheni ya kukinga jua), usibandue magamba na mkorogo usiuguse.

baba_wembe: Mi ilinisaidia vipele vya ndevu aisee, ila walinijaribu kwanza kipande kidogo chini ya sikio wakasubiri waone. Na kabla ya kwenda unanyoa kwa wembe, usinyofoe wala waksi, shina likitoka leza itachoma nini? Miwani ya kukinga macho pia ni lazima, hasa mkifanya usoni.

kidevu_changu: Asanteni sana. Nimewapigia, wananijibu "ni mashine ya kisasa" basi 😒. Na kweli siku zangu zinaruka, nitaanza kwa daktari. Hivi sanskrini napaka hata nikishinda ndani?

shangazi_wa_mtandaoni: Kama unakaa dirishani ndio, paka.