Je, ni lazima niache ugali ili kitambi kiishe na misuli ya tumbo ionekane?

Kijana wa Chumbageni

Wakuu, nawasalimu nyote. Nina umri wa miaka 29, urefu wa sentimita 172 na uzito wa kilo 84, na kiuno changu nikikipima usawa wa kitovu ni sentimita 98. Kazi yangu ni ya kukaa ofisini kutwa. Kwa muda sasa nimekuwa nikipiga sitapu kila alfajiri, na nikilibana tumbo nahisi kabisa kwamba misuli ipo na imekuwa migumu, ila juu yake kuna tabaka la mafuta lisilotaka kuondoka, hasa chini ya kitovu.

Asubuhi hunywa chai ya maziwa kwa chapati mbili. Mchana hula ugali au wali kwa maharage kwa mama lishe. Na usiku, kwa kuwa naishi peke yangu, mara nyingi hununua chipsi mayai. Wenzangu wa jimu wananishauri niache ugali na wali kabisa, ninywe maji ya moto yenye ndimu na tangawizi kabla ya kulala, na nijifunge mkanda wa tumbo ninapofanya mazoezi. Naomba kuuliza: ni chakula gani hasa kinachokata mafuta ya tumbo, na je, mtu anaweza kupata siksipaki huku akiendelea kula ugali?

Mla Dona

Mkuu, hakuna chakula kinachokata mafuta ya tumbo peke yake, kama vile ambavyo hakuna zoezi linaloyachagua. Mwaka 1984 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambamo wanaume 13 walipiga sitapu 5,004 kila mmoja katika siku 27, kisha watafiti wakapima ukubwa wa seli za mafuta tumboni, mgongoni na kwenye makalio. Seli hizo zilikuwa zimepungua kwa kiasi kinachokaribiana sehemu zote tatu, bila tumbo kupata upendeleo wowote. Mwili hutoa mafuta popote unapotaka kwa mpangilio unaotawaliwa na maumbile na homoni, na kwa wanaume wengi sehemu ya chini ya kitovu ndiyo huwa ya mwisho kutoa.

Kinachopunguza mafuta hayo ni kula kalori chache kuliko unazotumia, kwa muda mrefu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo ukipunguza kalori 500 kila siku utahitaji kama wiki mbili ili kilo moja iondoke, na kasi hiyo itazidi kupungua kadiri unavyokuwa mwepesi. Misuli ya tumbo kwa kawaida huanza kuonekana waziwazi mwanamume anapofikia mafuta ya asilimia 10 hadi 12 hivi ya uzito wake, na mwanamke kwenye asilimia 16 hadi 20. Kwa urefu na uzito wako bado kuna safari, lakini kiuno kitakuwa kimepungua mapema zaidi, na hilo ndilo lenye maana kwa afya, kwa sababu kiuno cha mwanamume kinachofika sentimita 94 huchukuliwa kuwa dalili ya mafuta mengi yanayozunguka ini na matumbo.

Kuhusu ugali, wenzako wanauonea. Sahani iliyopikwa kwa gramu 150 za unga ina kalori kama 540, na vijiko vinne na nusu vya chakula vya mafuta ya kupikia vina kalori zilezile. Tofauti ni kwamba ugali unakushibisha, ilhali mafuta yaliyonyweshwa kwenye chipsi huwezi kuyahisi. Punguza kiasi cha ugali kama sahani yako ni mlima, na ukiweza, kula dona, kwa kuwa nyuzinyuzi zake huchelewesha njaa, ingawa kalori zake hazitofautiani sana na za sembe. Kuuacha kabisa hakukupi kitu cha ziada. Wanaoacha wanga ghafla huona mizani ikishuka kilo mbili au tatu katika wiki ya kwanza na kushangilia, lakini sehemu kubwa ya uzito huo ni maji yanayohifadhiwa mwilini pamoja na wanga.

Ndimu na tangawizi ni kinywaji kizuri, basi. Mkanda nao hukutoa jasho, na jasho hurudi na bilauri ya kwanza ya maji.

Mama Lishe wa Kariakoo

Mwanangu, mimi napika kwa biashara, kwa hiyo niruhusu niseme jambo ambalo wateja wengi hawaliulizi. Maharage yanayosifiwa kuwa chakula cha afya huungwa kwa mafuta ya kutosha ili yapate ladha na mng'ao, na wali wa nazi uliopikwa kwa tui la kwanza ni mzito kuliko unavyoonekana. Chapati ya kusukuma ambayo imepakwa mafuta ndani ya tabaka zake, kisha ikakaangwa, hukaribia kalori 300 kila moja. Zako mbili, pamoja na kikombe cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari na maziwa, zimekupeleka karibu kalori 700 kabla hujafika ofisini, na hakuna humo protini ya kutosha kukuzuia usisikie njaa saa nne. Badilisha siku nyingi za wiki: mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha, na chai yenye kijiko kimoja cha sukari au isiyo na sukari kabisa.

Chipsi mayai za usiku ndizo adui yako mkubwa. Viazi vilivyokaangwa, mayai yaliyokaangwa tena ndani ya mafuta, na pengine soda pembeni, kwa makadirio yangu ni kalori 900 au zaidi. Kwa mtu anayeishi peke yake, chemsha maharage au choroko siku moja uyagawe katika vyombo, na nunua dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini na huiva upesi kwa nyanya, kitunguu na ndimu, bila kukaangwa. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko; ukimimina kutoka kwenye dumu huwezi kujua umetia kiasi gani.

Nesi Mstaafu

Ninakubaliana na walionitangulia, nami naongeza mambo mawili. La kwanza ni protini. Anayepunguza chakula bila kula protini ya kutosha hupoteza misuli pamoja na mafuta, na mwishowe anakuwa mwembamba mwenye tumbo laini. Kiasi kinachofaa kwa anayefanya mazoezi ya nguvu ni takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito anaoulenga, yaani kama gramu 120 kwa anayelenga kilo 75. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15, na gramu 100 za kuku aliyeiva zinakaribia 30, kwa hiyo inabidi kila mlo uwe na chake. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari wake.

La pili ni dawa zinazouzwa mitandaoni kwa jina la kuyeyusha kitambi. Mwaka 2010 sibutramini, dawa ya kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini imekuwa ikigunduliwa ndani ya vidonge na chai zinazotangazwa kuwa za mitishamba mitupu. Nyingine ni za kuharisha au kukojosha, na humpunguzia mtu maji na chumvi za mwili tu.

Kwa dada zetu wanaosoma mada hii: kufunga tumbo kwa kanga baada ya kujifungua kunaweza kukupa utulivu wa kiuno, lakini hakuchomi mafuta. Tumbo linalobaki limechomoza katikati miezi mingi baada ya kujifungua linaweza kuwa ni misuli iliyotengana, na hilo ni la mtaalamu wa viungo, si la kujinyima chakula. Anayenyonyesha asipunguze chakula kwa pupa.

Kijana wa Chumbageni

Nawashukuru sana, Mama, Nesi na Mkuu Mla Dona. Nimebakiwa na jambo moja. Jumamosi huwa nakutana na marafiki kwa nyama choma na bia tatu au nne, na mwezi wa Ramadhani ndugu zangu hunialika futari za kila namna. Je, siku hizo zinaharibu kazi ya wiki nzima?

Mla Dona

Zinaweza. Bia ya mililita 500 ina kalori kama 200, hivyo nne ni 800, na pombe huwa inachomwa kwanza mwilini huku mafuta uliyokula yakisubiri. Kama kila siku ya kazi unapunguza 500, Jumamosi moja ya namna hiyo, pamoja na nyama yenye mafuta na ndizi za kukaanga, humeza upungufu wa siku mbili au tatu. Kunywa moja au mbili, na uombe nyama isiyo na mafuta pamoja na kachumbari. Kwenye futari, tende, uji, mihogo iliyochemshwa na samaki havina shida. Shida ni sambusa, kachori, tambi za sukari na sharubati vikifuatana mpaka daku.

Sitapu endelea nazo, ila ongeza pushapu, skwati na kutembea kwa miguu jioni, kwa sababu misuli mikubwa ya mwili hutumia nishati nyingi zaidi. Pima kiuno kila baada ya wiki mbili, asubuhi, kabla ya kula. Ukiona kipimo cha kiuno hakijasogea kwa mwezi mzima, rudi kwanza kwenye kijiko cha mafuta kabla hujaugusa ugali.