Pauni 10 za mdomoni: huyu samaki ananenepa akiwa njiani?

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Kila Jumatatu sisi Waswahili tunaovua besi wa mdomo mkubwa (largemouth bass) huku Texas tunaletewa picha ya samaki wa "pauni 10", na kila mara, ukimtazama vizuri, ni samaki wa pauni 5 au 6 aliyesogezwa mbele ya kamera kwa mikono iliyonyooshwa, mpaka vidole vya aliyemshika vinaonekana vikubwa kama ndizi.

Huyu samaki wa juzi, aliyewekwa hapa jukwaani kama wa pauni 10 na mnayempongezea mvuvi wake, nilimpima mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwamo ndani ya boti. Urefu wake ulikuwa inchi 20 na mzunguko wa tumbo inchi 15. Wavuvi wengi hukadiria uzito kwa kuzidisha urefu kwa mzunguko, kisha kwa mzunguko tena, na jibu wakaligawanya kwa 800. Fanyeni hesabu hiyo na mtapata pauni 5 na nusu na ushee. Mzani haukutolewa kabisa. Hata hivyo, tulipofika kwenye maegesho samaki alikuwa na pauni 8, na usiku akatangazwa kuwa na 10. Kwa hesabu hiyo hiyo, besi wa inchi 20 hafiki pauni 10 mpaka mzunguko wake nao uwe inchi 20, na hapo tutakuwa tumevua mpira.

Watu wanazitaja pauni 10 kana kwamba ni kitu cha kuokota. Rekodi ya Texas ni pauni 18.18, ya besi aliyevuliwa katika ziwa la Lake Fork mwaka 1992. Rekodi ya dunia ni pauni 22 na aunsi 4 (aunsi 16 ni pauni moja), aliyoiweka George Perry huko Georgia mwaka 1932. Mwaka 2009 Manabu Kurita alivua katika Ziwa Biwa, Japani, samaki aliyemzidi yule wa Perry kwa karibu aunsi moja, lakini kwa kuwa kanuni inataka tofauti ya aunsi 2, wote wawili wakahesabiwa sare. Wenzetu wanagombania aunsi, sisi tunaongeza pauni 4 kati ya ziwa na jukwaa!

Najua nitaambiwa kwamba wavuvi wametia chumvi tangu enzi za babu zetu. Barazani, kahawa ikiwa mkononi, hata mimi ningecheka. Lakini kuna kijana mgeni aliyetumia karibu mshahara wa wiki kununua chambo alichosifiwa na huyo bingwa wa pauni 10, na sasa anadhani ana mkosi kwa kuwa anapata wa pauni 2. Isitoshe, katika shindano letu dogo kila mtu alitoa dola 40, na mshindi akapatikana kwa picha. Mwaka 2022 huko Cleveland, kwenye shindano la Ziwa Erie, samaki walipasuliwa wakakutwa na vipande vya madini ya risasi tumboni, vya kuwaongezea uzito. Wale angalau walijisumbua kutafuta risasi.

Ninachodai ni kwamba anayetaja uzito atuonyeshe samaki akining'inia kwenye mzani, namba ikisomeka, au ataje urefu na mzunguko. Asiye na hayo aandike "sikumpima". Na wewe uliyeniita mwenye wivu, picha ya utepe wa kupimia ukiwa juu ya samaki wako nimeiambatisha hapa chini.