Nyumba ya bibi Mikindani: tupige lipu ya saruji au turudi kwenye chokaa?

Mshonaji wa Mikindani aliuliza:

Habari za leo ndugu zangu. Naomba ushauri wa haraka, maana fundi ameshaahidiwa kuanza Jumatatu.

Jumapili nilikula chakula cha mchana na shoga yangu ambaye hatujaonana tangu mwaka 1991, alipoolewa Tanga. Tulikaa dawati moja kuanzia darasa la kwanza mpaka la saba. Amekuja kwa ajili ya nyumba ya bibi yake, ile ya mawe huku Mikindani, ndugu wamekubaliana awe nayo yeye. Nikamwambia mwenyeji ni mimi, kwa hiyo pa kula nachagua mimi. Nikampeleka kule juu, kwenye boma la zamani lililogeuzwa hoteli.

Kwa wasiolijua, boma lile Wajerumani walilijenga mwaka 1895. Lilichakaa likawa gofu, hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la Trade Aid la Uingereza lilipolikarabati. Sisi tukiwa wadogo tulikuwa tunaliona kwa chini tu tukipita kwenda shule. Shoga yangu alipofika mlangoni akaziba mdomo kwa mkono, hakusema kitu mpaka tulipokaa.

Tuliagiza changu wa kuchoma, wali wa nazi na juisi ya ukwaju. Aliulizia ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha ya huku kusini, siku hiyo haikuwepo, akasikitika kweli kwa sababu Tanga haipati. Baadaye nilimnunulia fungu zima kwa kina mama wa barabarani, akaimaliza kwenye bajaji akilamba chumvi vidoleni kama mtoto.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Tulikuwa tumekaa dirishani, saa saba mchana, mnalijua jua letu. Ndani palikuwa na ubaridi na feni haikuwashwa. Mwenzangu akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo hapo, chakula kinapoa. Akaniambia, "Shoga, mbona huu mkavu?" Ukuta wenyewe ni mnene, niliingiza mkono dirishani ukazama wote mpaka kiwiko na bado nafasi ikabaki. Kwa bibi yake ukuta ni wa mawe ya matumbawe vile vile, lakini umelowa hadi usawa wa kiuno. Unatoka unga mweupe wa chumvi, na ukipitisha mkono unaondoka na mchanga. Mjomba wake aliupiga lipu ya saruji upande wa barazani miaka mingi iliyopita, na upande huo ndio umeharibika kuliko pote. Lipu imejitenga na ukuta, ukigonga inalia kama debe tupu.

Tulipomaliza kula tukapanda juu kutazama ghuba. Paa la bibi yake likaonekana, bati lote kutu, mwembe umelilalia. Hapo akalia, na mimi nikalia naye.

Mwanawe wa kiume ameshashusha mifuko 30 ya saruji. Anasema saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara, chokaa tuwaachie marehemu. Mimi ni mshonaji wa nguo, ujenzi siujui, ila moyo wangu unakataa. Je, ni kweli saruji ndiyo inayoua zile kuta? Na kama ni chokaa, tunaipataje bila kuharibu bahari?

Fundi wa Kilwa alijibu:

Shikamoo mama. Mwambie kijana asimamishe kazi, huo mkono wa shoga yako umeona sawasawa.

Ukuta wa matumbawe na chokaa una vitundu vingi, unavuta maji kutoka ardhini muda wote, na maji ya pwani yana chumvi. Chokaa inayaruhusu maji hayo yatoke na kukauka kwa upepo. Saruji inayafungia ndani. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi, na chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inaganda, inavimba, inasukuma. Ndiyo sababu ya huo mlio wa debe. Kibaya zaidi, unyevu ukifika kwenye boriti za mikoko, ncha zilizoingia ukutani zinaoza bila mtu kuona. Nimewahi kung'oa boriti moja, nje nzima kabisa, ndani ilikuwa unga.

Msianze na lipu. Anzeni na paa, kisha kateni matawi ya huo mwembe. Halafu tazameni udongo wa nje: nyumba za zamani udongo umepanda kwa miaka, mara nyingi uko juu kuliko sakafu. Uchimbeni uondoke, maji ya mvua yapate njia ya kwenda mbali na ukuta. Baada ya hapo bandueni saruji ya mjomba taratibu kwa patasi na nyundo ndogo, msitumie nyundo kubwa. Acheni ukuta upumue miezi kadhaa. Huko kusini mvua ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kazi ya chokaa ipangeni kuanzia Juni.

Chokaa ikishazimwa kwa maji ilaze shimoni au kwenye pipa lililofunikwa. Wiki kadhaa ni kidogo, miezi ni bora. Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa 1 kwa mchanga 3, na mchanga uwe wa mtoni, wa baharini una chumvi. Mkishapiga, tundikeni magunia yenye maji mbele ya ukuta, kwa sababu chokaa inakaza polepole kwa hewa na jua kali linaipasua.

Mzawa wa Masasi alijibu:

Mimi nyumba yangu yote saruji, mwaka wa kumi na tano haijapasuka. Tusiwatishe watu na gharama.

Fundi wa Kilwa alijibu:

Kaka, yako ni ya tofali za saruji na naamini ina msingi wa zege. Hapo saruji imekutana na ndugu yake. Ya bibi ni mawe laini, ukiyavalisha kitu kigumu kuliko yenyewe, mawe ndiyo yanayokatika.

Mke wa Mvuvi, Lindi alijibu:

Dada yangu, kwenye suala la bahari nakuomba sana. Ghuba ya Mikindani ilichimbwa matumbawe hai miaka mingi ya kuchoma chokaa, na sisi tunaoishi kwa samaki tunajua maana yake: tumbawe likiondoka, changu hana pa kujificha. Huyo changu mliyemla Jumapili anataka nyumba na yeye. Tumieni chokaa ya mawe ya nchi kavu, inauzwa mifukoni madukani. Ulizeni iliyozimwa ya kujengea, na mfuko usiwe umefunguliwa siku nyingi. Kuni za mikoko pia msiguse bila kibali.

Jambo jingine: kabla hamjabandua chochote, pitieni halmashauri na watu wa mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na ya baadaye waziri anaweza kuyatangaza. Nyumba za mawe Mikindani zina umri, bora mjue mapema yenu iko kundi gani.

Mshonaji wa Mikindani alijibu:

Ahsanteni sana, nimesoma mara tatu, mara ya mwisho nimemsomea shoga yangu kwa simu akiwa pale pale barazani. Kijana alinung'unika, ila amekubali kumwahirisha fundi. Saruji tumekubaliana itumike kwenye choo kipya cha uani, mbali na ukuta wa bibi. Halmashauri tunakwenda kesho asubuhi.

Fundi, leo jioni tumechimba kidogo pembeni ya baraza kama ulivyosema. Udongo wa nje umezidi sakafu kwa shubiri moja na nusu, na chini yake tumekuta ngazi nzima ya mawe ambayo shoga yangu hakuwahi kuiona maisha yake yote. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba baraza lilikuwa na ngazi mbili, tukidhani amesahau. Je, tuendelee kuchimba kuifuata, au tusubiri watu wa mambo ya kale waione kwanza?