Oili zote mbili "40", mbona moja inakula metali?

Fundi_Igombe:
Wakuu salaam. Nahudumia boti ya mbao inayobeba dagaa kutoka Ukerewe hadi Mwaloni, Kirumba. Injini ni dizeli ya silinda sita. Miaka yote nilimimina SAE 40 ya gredi moja. Mwaka jana tajiri akaleta ndoo za 15W-40, kwa sababu alfajiri injini ilikuwa ngumu kuwaka. Kuwaka, kweli sasa inawaka. Ila tukirudi tumejaza, baada ya saa mbili za mwendo geji ya oili inashuka kutoka bar 4 hadi 2.

Juzi nimefungua sampu, bakuli la oili chini ya injini. Metali, yaani beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) namba tano, nusu ya juu inayopokea kipigo, weupe umelika hadi shaba inaonekana, eneo la ukubwa wa kucha ya dole gumba. Nusu ya chini ni safi kabisa. Tajiri anasema nimefunga vibaya, na mimi bolti nilizikaza kwa toki renchi, moja moja. Inaniuma. Namba ni ile ile 40, oili zikishachemka si zinakuwa sawa?

Mwl_Nyegezi:
Pole sana fundi. Hiyo 40 hupimwa oili ikichuruzika yenyewe polepole kwenye kibomba chembamba, kwa nyuzi joto 100. Krenki haiendi polepole. Chukua shingo ya krenki ya mm 70 kwenye mizunguko 1800 kwa dakika: uso wake unakimbia mita 6.6 kwa sekunde. Pale penye mzigo mkubwa utando wa oili unaweza kubaki maikroni 3 tu. Gawanya mwendo huo kwa unene wa utando uone: kasi ya kuburuzwa kwa oili inazidi milioni mbili kwa sekunde.

Oili ya gredi moja isiyo na polima, mnato wake karibu haujali kasi hiyo. Inafuata kanuni ya Newton. 15W-40 kwa kawaida ni oili nyepesi iliyotiwa polima, nyuzi ndefu zilizojikunja. Wewe unaujua wavu wa dagaa: ukirundikwa unajaa boti, ukivutwa majini unanyooka na maji yanapita. Polima nazo zinanyooka ndani ya beringi, mnato unashuka papo hapo. Ikitoka pale inarudia uzito wake, ndiyo maana ukiisugua vidoleni huoni kitu. Nyuzi nyingine hukatika moja kwa moja, na hizo hazirudi.

Wepesi huo una faida, msuguano unapungua. Lakini utando nao unakonda. Na geji yako inasoma presha ya pampu tu. Presha inayobeba krenki inazaliwa ndani ya beringi kwa mzunguko wenyewe. Beauchamp Tower aliligundua hilo Uingereza mwaka 1883, baada ya kizibo cha mbao kusukumwa nje ya tundu la oili.

Omba karatasi ya vipimo, tafuta HTHS: mnato kwa nyuzi 150 na kasi ya kuburuzwa ya milioni moja kwa sekunde. 15W-40 lazima ifike 3.7 mPa·s (kizio cha mnato). 10W-40 inaruhusiwa 3.5, japo nayo ni "40". Ndoo isiyo na karatasi mimi siimimini.

Dada_Kirumba:
Kaka, mbona namba tano peke yake? Oili inazunguka kote. Nusa stiki ya kupimia oili. Nozo inayopuliza dizeli kwenye silinda ikichuruzika, dizeli inashuka kwenye sampu na oili yoyote inakuwa maji.

Fundi_Igombe:
Ahsanteni sana. Dada, stiki inanuka dizeli kabisa. Nozo ya tano nimeipeleka kupimwa, inachuruzika badala ya kupuliza. Nikafungua na namba mbili: shaba bado, ila weupe umeshafifia upande ule ule wa juu. Kwa hiyo na oili imo. Muuzaji nimemwomba karatasi, hana. Tajiri nimemsomea uzi huu wote, amekubali tununue metali seti nzima na oili yenye HTHS iliyoandikwa. Jumamosi tunatoka Nansio na mzigo, nitaandika geji kila nusu saa niwawekee hapa.