Serikali kuuza majengo yake halafu kuyapanga tena, hapo umma unapata au unaliwa?

Wakuu naomba tulijadili hili, maana serikali yoyote ikibanwa na madeni lazima atokee mtu aseme tuuze majengo ya umma tupate hela ya haraka halafu tubaki humohumo kama wapangaji. Hoja yao naielewa, wanasema kazi ya serikali ni kutibu, kufundisha na kulinda watu, mambo ya mabomba na lifti waachiwe wenye utaalamu. Mimi napinga.

Angalieni Uingereza. Mwaka 1996 wizara ya ulinzi iliuza nyumba za familia za wanajeshi zaidi ya 57,000 kwa kampuni ya Annington, kwa pauni bilioni 1.66, halafu ikazipanga hizohizo kwa miaka 200. Matengenezo je? Yakabaki kwa wizara! Ni kweli ilipewa punguzo kubwa la kodi ya pango kwa ajili hiyo, ila nyumba zilivyopanda thamani sehemu kubwa ya faida ikaenda kwa mwenye nyumba mpya. Mwaka 2018 wakaguzi wa hesabu wa taifa wakakadiria umma umepoteza kati ya pauni bilioni 2.2 na 4.2, na Januari 2025 serikali ikarudi kununua nyumba 36,347 kwa karibu pauni bilioni 6. Mtasema mfumuko wa bei, sawa, upo, lakini nyumba zimepungua na bei imezidi mara tatu, hiyo biashara mtu mzima anaifanyaje na mali yake?

Hukohuko mwaka 2001 mamlaka za kodi ziliuza majengo yao kwa kampuni ya Mapeley na kubaki humo kama wapangaji kwa mkataba wa miaka 20, baadaye ikajulikana kampuni iliyoyachukua imesajiliwa Bermuda, ambako kodi ni nafuu. Wakusanya kodi wenyewe jamani.

Sasa msinielewe vibaya, sitetei majengo matupu. Marekani wakaguzi wa bunge waliweka usimamizi wa majengo ya serikali kuu kwenye orodha ya maeneo hatarishi tangu 2003, na ripoti yao ya 2023 ilikuta taasisi 17 kati ya 24 zinatumia robo au chini ya hapo ya uwezo wa majengo ya makao makuu yao. Huo ni ubadhirifu, jengo lisilohitajika liuzwe kwa mnada wa wazi na hela ijulikane imeenda wapi. Ila kuuza usichokihitaji na kuuza ulichokikalia ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wanavichanganya makusudi.

Kinachoua majengo ya umma kwa ninavyoona mimi ni bajeti ya ukarabati, ndiyo ya kwanza kukatwa kila mwaka kwa sababu bomba linalovuja halipigi kelele bungeni, basi linavuja miaka mitano sita, ukuta unaoza, nyaya zinaingia maji, halafu anakuja mtaalamu anasema jengo limechakaa bora liuzwe, na linauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu limechakaa. Hela ya ukarabati ingefungiwa kisheria isiguswe, na kila wizara ikalipa kodi ya pango ya ndani kwa nafasi inayokalia, tungeona vyumba vinavyorudishwa. Na kabla ya yote kuwe na daftari moja la mali ambalo mwananchi yeyote anaweza kulifungua, maana ukiuza kitu ambacho hata hujakihesabu utajuaje umeibiwa?

Wanaounga mkono uuzaji nawaomba mnijibu hili tu. Mpangaji wa kawaida kodi ikipanda anahama. Hospitali yenye wodi na vyumba vya upasuaji, au gereza, mkataba ukiisha mwenye jengo akitaja bei anayotaka, vinahamia wapi?