Naomba ushauri: mgonjwa wa kongosho ndo kaingia wodini, ntajuaje kama atazidiwa?

Wakuu habari za jioni, niko hospitali ndogo nje kidogo ya Moshi. Tunapokea watu wenye maumivu ya tumbo la juu yanayotoboa hadi mgongoni, kutapika juu, wengi ni pombe, wengine mawe ya nyongo, lipesi (kimeng'enya cha kongosho kwenye damu) ukipima imepita mara tatu ya kawaida. Sawa ni kongosho kuvimba, ila nani abaki kwangu na nani akimbizwe KCMC (hospitali kubwa ya rufaa Moshi) mapema? Lipesi haisemi ukali, mtu anakuwa nayo elfu na kitu kesho anaomba uji. Alama za Ranson za kupima ukali zinataka masaa 48, mi ntasubiri nini hapo. Natumia BISAP, alama za siku ya kwanza, kila kimoja pointi moja: BUN (yurea kwenye damu) kuzidi 25 mg/dL (mashine yetu inatoa yurea kwa mmol/L, ni kama 8.9), kuchanganyikiwa, SIRS (mwili mzima kuwaka: joto, mapigo, pumzi au seli nyeupe kuharibika), umri kupita 60, na maji nje ya mapafu. Akifika 3 napiga simu ya rufaa fasta. Shida wale wa 1 au 2, kijana tu, presha nzuri ila anapumua 28 na mfuko wa mkojo umebaki mkavu, hao mnawafanyaje? Mnarudia vipimo baada ya masaa mangapi? Na dripu mnapeleka kasi gani, maana utafiti wa WATERFALL wa 2022 ulionyesha kumwaga maji kwa fujo kunawajaza tu.