Ulinganisho: maua madogo ya njano ya Chalbi baada ya mvua. Mbigili, potulaka, mlenda au sena?

Nyika_Kaskazini
Wakuu, habari za leo. Mvua imepita upande wa jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kati ya Kargi na Kalacha, na mchanga sasa umejaa maua ya njano yasiyozidi ukubwa wa kifungo cha shati. Kwa mbali yote ni mmea mmoja. Ukiinama unaona si chini ya aina nne, na nyingi zinatambaa chini. Nahitaji kuzitenganisha kwa uhakika, kwa kuwa ipo inayoliwa na ipo inayodhuru kondoo. Nitumie nini: programu ya simu, lenzi, au nikaushe sampuli?

Lenzi10
Lenzi ya mkononi ya mara 10, na uanze na tunda. Rangi ya njano iweke kando kabisa, haitenganishi chochote hapo.

Mbigili (*Tribulus terrestris*): petali (vijani vya rangi vya ua) 5, stameni (vijiti vya ua vyenye chavua) 10, ua lina upana wa sentimita 1 hivi. Jani limegawanyika jozi 4 hadi 8 za majani madogo. Sasa tazama pingili, yaani kifundo cha shina yanapoota majani: majani mawili yanakabiliana, lakini moja ni refu na mwenzake ni mfupi. Alama hii watu huiruka, na inaonekana hata pasipo ua. Tunda likikauka hupasuka vipande 5, kila kimoja kina miiba miwili mikubwa. Hata kikianguka vipi, mwiba mmoja hubaki umetazama juu, ndiyo maana hutoboa kandambili na tairi za baiskeli.

Sena (*Senna italica*) nayo ina majani ya jozi jozi, hivyo huchanganywa na mbigili kabla ya kuzaa. Tofauti: majani ya sena hupishana kwenye shina, hayakabiliani. Petali zake hazilingani vizuri na stameni ni za ukubwa tofauti. Tunda ni ganda bapa lililopinda kama mwezi mchanga, lenye ukingo uliosimama katikati, juu ya mbegu. Hiyo msiitie sufuriani, inaharisha.

MamaMbegu
Niongeze mboga. Potulaka (*Portulaca oleracea*) ina jani nene na laini, ukiliminya linatoa maji, na shina mara nyingi ni jekundu. Geuza ua: chini kuna sepali (vijani vya kijani vinavyofunika tumba) 2 tu. Shika kitunda kilichokomaa kwa kucha, uvute ncha. Kifuniko kinatoka kizima kama cha sufuria, na ndani zimejaa mbegu nyeusi ndogo mno. Ukikuta petali 4 na nywele nyeupe kwenye pingili, hiyo ni *Portulaca quadrifida*.

Mlenda wa nchi kavu (*Corchorus*) una jani lenye meno kingoni, stameni nyingi, na tunda refu kama kijiti.

Tahadhari moja: wengi husugua jani kwa maji, likiteleza wanasema ni mlenda. Potulaka nayo huteleza. Jaribio hilo peke yake halitoshi.

PichaNaMche
Programu msiidharau, ila ilisheni vizuri. iNaturalist au PlantNet ikipewa picha moja ya petali kutoka juu itabahatisha. Piga nne: ua kwa juu, ua kwa ubavu sepali zionekane, pingili yenye majani, na tunda. Weka sarafu ya shilingi 20 kando kama kipimo. Jua la saa sita huunguza rangi ya njano mpaka petali zinakuwa doa moja lisilo na mstari. Simama uweke kivuli cha mwili wako, kisha punguza mwanga wa kamera kidogo. Pasipo mtandao, hakikisha simu inahifadhi mahali pa picha, utapakia ukifika mjini.

Jibu likija, likubali hadi jenasi tu (neno la kwanza la jina la kisayansi, kama *Tribulus*) kama hakuna picha ya tunda.

Halafu wahi asubuhi. Potulaka hufungua jua likichomoza vizuri na hufunga baada ya saa chache, na petali za mbigili hudondoka ukizigusa tu.

Lenzi10
Ni kweli kuhusu petali. Nyongeza: ua la mbigili likifika sentimita 3 au 4, huyo si *terrestris*. Fikirieni *Tribulus cistoides*, anayejulikana zaidi pwani, au *T. zeyheri*.

Jani_Kavu
Kwa jina la spishi lisilopingika, sampuli. Ng'oa mmea mzima na mzizi wake, uweke ndani ya gazeti, ukandamize, na ubadilishe magazeti kila siku. Potulaka ndiyo huharibika: inaendelea kuishi ndani ya gazeti, inaota ukungu na kupukutisha majani. Itumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, ifute, ndipo uikandamize. Andika rangi ya ua siku hiyohiyo kwa sababu njano hupauka, pamoja na tarehe, mahali na aina ya udongo. Hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) ya Afrika Mashariki pale Makumbusho ya Nairobi ndipo pa kulinganisha. Ndani ya Hifadhi ya Sibiloi usichume bila kibali.

Malisho_Bora
Kwa wafugaji: kondoo wakila mbigili nyingi, hasa iliyonyauka, ini huathirika na ngozi haivumilii tena jua. Masikio na uso huvimba, macho huwa ya njano. Afrika Kusini, kule Karoo, ugonjwa huu unajulikana sana. Ukiona dalili, waondoe malishoni na uwaweke kivulini, kisha ita daktari wa mifugo.

Nyika_Kaskazini
Asanteni sana. Tatu zimetambulika: mbigili, potulaka na sena. Ya nne ina utomvu mweupe, petali nyingi nyembamba, na sioni tunda.

MamaMbegu
Chomoa moja ya hizo "petali" uitazame kwa lenzi. Kama ncha yake ina meno 5 na chini yake kuna pistili (sehemu ya kike ya ua) yake yenyewe, basi kila moja ni ua kamili, na mmea ni wa jamaa ya alizeti. Kwa utomvu huo, anza na *Launaea*. Rudi vichwa vikishatoa manyoya meupe. Mbegu zilizo chini ya manyoya ndizo zitakazotaja spishi.